Sauti Moja kwa Mtu Mmoja: Kisa cha Albamu ya Eddie Vedder ya Filamu ya Into the Wild

Kwa nini kisa hiki

Mwanamuziki wa bendi akialikwa kwenye filamu, kwa kawaida huombwa wimbo mmoja, wa kufungulia au wa kusindikiza majina mwishoni. Mwaka 2007 mwimbaji wa rock Eddie Vedder alialikwa na mwongozaji Sean Penn, na kazi ikakua hadi ikawa albamu nzima ya nyimbo 11, albamu yake ya kwanza nje ya bendi. Naileta hapa kwa ajili ya wanamuziki na waongozaji wetu wanaotengeneza filamu za mbuga, milima na safari, maana maswali yaliyowakabili wawili wale ndiyo yanayotukabili. Nani aimbe? Aimbe kwa niaba ya nani? Na anyamaze lini?

Hoja yangu naitanguliza. Kazi ile ilifaulu kwa sababu mwimbaji alipewa nafasi ndani ya hadithi, hakuletwa kupamba. Na pale ilipokwama, ilikwama kwa sababu hiyohiyo: ile nafasi aliijaza kupita kiasi.

Wasanii nawataja kwa majina kwa kuwa kazi zao ziko hadharani. Kijana ambaye maisha yake ndiyo chimbuko la filamu simtaji, wala ndugu zake, wala wale waliopatwa na mabaya baadaye kwa kumfuata. Hawa hawakuchagua kuwa mfano wa darasani.

Usuli

Septemba 1992, wawindaji walikuta mwili wa kijana wa miaka 24 ndani ya basi bovu lililoachwa kwenye njia ya zamani iitwayo Stampede Trail, kaskazini mwa Hifadhi ya Denali, Alaska. Miaka miwili kabla alikuwa amehitimu chuo kikuu. Akiba yake aliitoa sadaka kwa shirika la misaada, gari lake akalitelekeza, akazunguka Marekani kwa lifti na kwa miguu akitumia jina la kubuni. Aprili 1992 aliingia porini na mfuko wa mchele, bunduki ndogo na vitabu. Julai alitaka kutoka. Mto Teklanika, aliouvuka bila shida wakati wa baridi, ulikuwa umejaa maji ya barafu iliyoyeyuka, akarudi kwenye basi. Agosti akafa, mwili umekwisha kwa njaa. Hadi leo watu wanabishana kama mbegu za mmea fulani alizokula zilichangia.

Mwandishi Jon Krakauer aliandika kitabu juu ya safari hiyo mwaka 1996. Penn alikisoma, akataka kukifanyia filamu, na familia ikamsubirisha takriban miaka kumi kabla ya kukubali. Hakutafuta kijana mwingine wa kubuni ili afupishe njia. Mtu aliyesubiri muda wote huo kwa heshima ya wafiwa ana deni kwao anapoingia kazini, na nadhani deni hilo linasikika katika maamuzi yake mengi kuhusu muziki.

Upande wa pili yuko Vedder. Pearl Jam, bendi yake ya Seattle, ilianza mwaka 1990, ikatoa albamu ya kwanza 1991, na kufikia 2006 ilikuwa na albamu nane za studio. Sauti yake nene ilizoeleka viwanjani, mbele ya magitaa ya umeme na maelfu ya watu wanaoimba naye. Albamu ya peke yake hakuwa nayo. Yeye na Penn hawakuwa wageni. Mwaka 1995 Vedder aliimba pamoja na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani kwa ajili ya Dead Man Walking, filamu ambayo Penn aliigiza. Na mwaka 2001 alirekodi wimbo wa Beatles kwa ajili ya I Am Sam, ambamo pia Penn ndiye mwigizaji mkuu.

Kuna jambo jingine ambalo Vedder mwenyewe amelisema hadharani miaka mingi. Alikua akiamini kuwa mume wa mama yake ndiye baba mzazi, akaja kuujua ukweli akiwa kijana, baba wa damu amekwishafariki. Kijana wa Alaska naye aligundua siri ya ndoa na watoto katika maisha ya baba yake, na ugunduzi huo ni moja ya sababu zinazotajwa za yeye kuondoka. Kwa hiyo Penn hakuwa anaajiri sauti nzuri tu. Alikuwa anampa hadithi mtu aliyewahi kubeba hasira ya namna ileile na kuigeuza kuwa nyimbo.

Tatizo lililokuwa mezani

Into the Wild ina dakika 148. Sehemu kubwa ya muda huo mtu mmoja yuko peke yake: kwenye barabara, mtoni, jangwani, kisha ndani ya basi. Hana wa kuzungumza naye. Mpigapicha Mfaransa Eric Gautier aliipa filamu mandhari ya kutosha, na kikosi kilirudi Alaska zaidi ya mara moja ili kupata majira tofauti. Ila mandhari haisemi kijana anawaza nini. Mlima ni uleule kwa mtu mwenye furaha na kwa mtu anayekufa njaa.

Njia za kawaida ni mbili. Ya kwanza ni kumwaga muziki wa okestra juu ya milima mpaka mtazamaji aambiwe kwa nguvu kwamba hapa ni pazuri. Filamu nyingi za nyika hufa hapo. Ya pili ni kununua nyimbo za zamani zinazojulikana, na hapo mtazamaji huanza kukumbuka maisha yake mwenyewe badala ya kumfuata aliye mbele yake. Penn hakuchukua mojawapo.

Mambo yalivyokwenda

Pearl Jam ilikuwa imemaliza ziara ndefu ya 2006. Penn alimwonyesha Vedder filamu ikiwa bado kwenye uhariri. Vedder aliingia studio akaanza kutoa vipande vingi kwa kasi, vingine vikiwa michoro ya gitaa tu, yaani mawazo yasiyokamilika, akavipeleka. Penn akavijaribu kwenye picha, akaweka hiki, akaacha kile, akaomba zaidi pale ambapo palionekana patupu. Hivyo kazi ikapanuka kutoka nyimbo chache hadi albamu.

Rekodi zilifanyika Studio X, Seattle, na mtayarishaji aliyeshirikiana na Vedder ni Adam Kasper, ambaye walikwishafanya kazi pamoja kwenye Pearl Jam. Hapakuwa na haja ya kuzoeana. Vyombo karibu vyote alivipiga Vedder mwenyewe.

Sambamba na hayo, muziki usio na maneno ulitungwa na Michael Brook, pamoja na mpiga gitaa Kaki King. Albamu ya nyimbo ilitoka tarehe 18 Septemba 2007 kupitia lebo ya J Records, siku tatu kabla filamu haijaanza kuonyeshwa Marekani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi uliobeba mengine yote ni kumfanya mwimbaji awe sauti ya ndani ya mhusika. Ili kuona uzito wake, angalia sauti nyingine iliyomo kwenye filamu: msimulizi ni dada wa kijana. Dada anasema yaliyopita, anaeleza nyumba waliyokulia, ugomvi wa wazazi, na uchungu wa kungoja barua isiyokuja. Yeye ni sauti ya waliobaki. Mwimbaji ni sauti ya aliyeondoka. Anaimba kwa nafsi ya kwanza na kwa wakati uliopo. Hamhukumu mtu, haelezi tukio, haonyi. Mgawanyo huu ni safi. Wimbo hauingilii kazi ya simulizi, na simulizi haitufasirii wimbo. Mwandishi wa nyimbo za filamu akikosa kuuliza swali hili mapema, yaani ni nani tayari anazungumza humu, hujikuta akiimba yale ambayo mtazamaji amekwisha kuambiwa.

Kutokana na hapo uamuzi wa vyombo unaeleweka. Bendi ni mazungumzo: ngoma humjibu mpiga besi, magitaa mawili huvutana. Kijana wa filamu hana mtu wa kumjibu, basi muziki wake unapigwa na mtu mmoja. Msikilizaji hahitaji kuambiwa. "Rise" ina mandolini inayocharazwa kwa haraka, na juu yake sauti ileile ya viwanjani, sasa imeshushwa hadi kiwango cha mtu anayejisemea mwenyewe. "Far Behind" ina ngoma na magitaa ya rock, lakini hata humo pana ukavu fulani, kila chombo kinakaa mahali pake bila kusukumana na kingine. Laiti Pearl Jam nzima ingeitwa, tungepata nyimbo zenye nguvu zaidi, na tungempoteza kijana.

Lipo suala la urefu. Albamu nzima ni kama dakika 33. Nyimbo kadhaa hazifiki dakika mbili. "Tuolumne", iliyochukua jina la eneo la Yosemite huko California, ni gitaa tupu kwa muda wa dakika moja hivi. "The Wolf" haina maneno kabisa. Sauti inapanda, inavutwa, inashuka, kama mtu anayeita upande wa pili wa bonde bila kutegemea jibu. Anayekuja kwenye albamu akitafuta ubeti, kibwagizo, ubeti, daraja, ataona kazi haikukamilika. Lakini vipande hivi vilipimwa kwa mkasi wa mhariri. Tukio la mtu kukatiza uwanda lina sekunde zake, na wimbo unaong'ang'ania kufika kwenye kibwagizo chake humlazimisha mhariri kurefusha picha isiyohitaji kurefushwa. Vedder alikubali kuacha wazo likiwa bado changa. Kwa mtunzi aliyezoea dakika nne za redio, huo ni ukarimu mkubwa.

Kisha kuna nyimbo mbili ambazo si zake. "Hard Sun" ilitungwa na Gordon Peterson wa Kanada, aliyeitoa mwaka 1989 kwa jina la Indio, na ndiyo ndefu kati ya zile zenye umbo kamili la wimbo, zaidi ya dakika tano. Humo anaitikiwa na Corin Tucker wa bendi ya Sleater-Kinney. "Society" ni ya Jerry Hannan, ambaye pia anasikika ndani ya rekodi. Nadhani mahali hapa wengi hupita haraka mno. Hizi mbili ndizo zinazotazama nje: moja inaitazama dunia kubwa inayotuzunguka, nyingine inaisemesha jamii na tamaa zake uso kwa uso. Ndizo pia ambamo sauti nyingine inaingia. Kila anapotoka ndani ya kichwa cha kijana, Vedder anaazima maneno na anaongeza mtu. Kama lilipangwa au lilitokea tu, siwezi kulisemea. Masikioni linafanya kazi. Mwanamke anapoitikia kwenye "Hard Sun" unatambua kwa ghafla jinsi ulivyokaa muda mrefu bila kusikia mtu wa pili.

Matokeo

Albamu ilifika nafasi ya 11 kwenye chati ya Billboard 200. Januari 2008 "Guaranteed" ilishinda Golden Globe ya wimbo bora wa filamu. Mwaka huo hapakuwa na sherehe, washindi walitangazwa kwa waandishi wa habari kwa sababu ya mgomo wa waandishi wa miswada. Vedder, Brook na King waliteuliwa pamoja kwa muziki wa filamu lakini hawakushinda. "Rise" iliteuliwa kwa Grammy. Kwenye Oscar filamu ilipata uteuzi mara mbili, Hal Holbrook kwa uigizaji na Jay Cassidy kwa uhariri, na hakuna wimbo wa Vedder ulioingia orodhani. "Hard Sun" na "Society", zenye nguvu kiasi kile, zisingeweza kushindania tuzo ya wimbo mpya, kwa kuwa zilikuwepo kabla ya filamu. Anayepanga kuazima nyimbo za wenzake alijue hilo mapema.

Aprili 2008 Vedder alianza ziara yake ya kwanza ya peke yake. "Tuolumne" nayo haikubaki kuwa dakika moja: wazo lake la gitaa lilikua likawa "Just Breathe", wimbo uliotoka kwenye albamu ya Pearl Jam ya 2009, Backspacer, na ambao sasa unaimbwa kwenye harusi na kwenye mazishi. Waliolalamika kwamba vipande ni vifupi walisikia vema. Ila walikuwa wakisikiliza mbegu.

Kilichofaulu

Kwangu mimi, "Guaranteed" ndiyo ushahidi mkuu. Inaingia filamu inapokwisha, baada ya kifo. Gitaa la akustika peke yake, nyuzi zinachezewa kwa vidole, mdundo wa kutembea usiokimbia wala kusita. Mwongozaji angeweza kuweka maombolezo hapo na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake mtunzi anaendelea kusema kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba aliyekufa bado yuko njiani. Mtazamaji anatoka ukumbini akiwa na mtu, hana maiti. Na kwenye albamu, wimbo ukiisha, baada ya kimya unarudi bila maneno: sauti ileile, midomo imefumba, inaguguma wimbo uleule. Maneno yameondoka na wimbo umebaki. Mtunzi asiyejiamini angeongeza zeze na filimbi. Huyu alipunguza.

Kilichofaulu pia ni mwenendo wa kazi wenyewe. Mtunzi alitoa vingi bila kuvilinda kimoja kimoja, mwongozaji akachagua. Hilo huwezekana tu pale ambapo watu wawili wameaminiana kabla, na wao walikuwa na miaka kumi na zaidi ya kuaminiana. Mwanamuziki anayeitwa na mwongozaji asiyemjua asitegemee uhuru huo siku ya kwanza. Aombe kuiona filamu mapema, hata kama haijakamilika, na apeleke michoro kabla hajapeleka nyimbo.

Kilichokwama

Sauti ikiaminika mno, shaka hufa. Kijana yule alikuwa na ujasiri na usafi wa moyo ambao naukubali bila kusita, lakini alikuwa pia na makosa yaliyomuua. Hakuwa na ramani nzuri ya eneo. Umbali usiofika kilomita moja kutoka kivuko kilichomshinda palikuwa na kikapu cha chuma kilichoning'inia kwenye waya, kilichowekwa kwa kuvukia mto. Filamu inaonyesha hofu yake na majuto yake. Nyimbo haziyagusi sana. Vedder alikuwa mtu mzima wa miaka 42 aliyepita ujana wake akiwa hai, na ile hekima anayoiimba ni ya mtu aliyerudi. Kijana hakurudi. Tunapomsikia akiwaza kwa sauti ya Vedder, tunampa utulivu ambao huenda hakuupata kamwe mle ndani ya basi. Wimbo mmoja tu wa kutetereka, wa mtu anayegundua kwamba amekosea hesabu, ungeisawazisha albamu. Nafasi yake ilikuwepo, katikati ya "The Wolf" na "End of the Road", na haikutumika.

Silisemi hili kama suala la ladha tu. Baada ya kitabu, na zaidi baada ya filamu, watu kutoka nchi nyingi walianza kwenda kulitafuta basi lile. Wawili walikufa maji kwenye mto huohuo, mmoja mwaka 2010, mwingine 2019, na wengine wengi waliokolewa. Juni 2020 helikopta ya jeshi ililinyanyua basi na kuliondoa, na sasa liko chini ya uangalizi wa jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Alaska huko Fairbanks. Sisemi nyimbo ziliua mtu. Huo ungekuwa uzushi na dhuluma. Nasema kwamba muziki ni sehemu ya wito ambao hadithi hii huutoa, na wito uliotolewa bila tahadhari yoyote ndani yake una uzito wake.

Dosari nyingine ni ndogo ila naona inajirudia katika kazi nyingi. Muziki wa Brook na King umebeba matukio mengi ya filamu, lakini haumo ndani ya albamu iliyobeba jina la filamu. Msikilizaji wa kawaida anaamini kwamba kila alichokisikia ukumbini ni cha Vedder. Hili hutatuliwa kwenye mkataba, mapema, kwa sentensi chache juu ya kitakachoandikwa kwenye jalada na kitakachotolewa kando.

Ushirikiano uliofuata

Mwaka 2021 Penn alitoa Flag Day, hadithi ya binti na baba yake tapeli, yeye mwenyewe akiigiza baba na bintiye Dylan Penn akiigiza binti. Alimwita tena Vedder. Safari hii nyimbo ziligawanywa kati ya Vedder, Glen Hansard na Cat Power, na binti wa Vedder, Olivia, akaimba "My Father's Daughter". Sauti moja isingetosha, kwa sababu ndani ya hadithi hii wamo watu wawili wanaopishana juu ya ukweli uleule, na kila mmoja alihitaji wa kumwimbia.